UZI MAALUMU: Kupaka upya milango, fremu na skatingi za mbao za zamani, rangi isibanduke

MsasaNamba120

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu ni wa mbao za zamani za ndani ya nyumba: milango, fremu zake, skatingi (mbao za chini ya ukuta, juu ya sakafu) na mbao za kuzunguka madirisha. Mbao mpya haisumbui. Ya zamani imebeba matabaka manne, sita, mengine kumi, na hakuna aliyeandika popote ni rangi gani ilipakwa juu ya ipi. Rangi mpya hushika kwa nguvu ya lile tabaka lililo dhaifu kuliko yote chini yake. Ndiyo sababu mlango uliopakwa rangi bora kabisa unaweza kubanduka kwa ukucha baada ya miezi mitatu, ukatoka utepe mzima kama plasta ya kidonda. Ugeuze huo utepe uutazame mgongoni: ni laini na unang'aa. Hiyo ni alama ya rangi ya zamani iliyokuwa chini, ambayo haikuguswa na msasa.

Kabla ya kununua kopo lolote, fanya vipimo vitatu.

Kwanza, rangi ya juu ni ya mafuta au ya maji? Chovya pamba kwenye spiriti, sugua mahali palipojificha kwa nusu dakika hivi, mfano ukingo wa upande wa bawaba. Rangi ikilainika, ikanata na kuhamia kwenye pamba, ni ya maji. Pamba ikitoka na uchafu tu, rangi ikabaki ngumu, ni ya mafuta.

Pili, imeshika? Chukua wembe mpya, chora mistari sita iliyoachana milimita 2, kisha sita ya kuikatiza, upate miraba 25 midogo. Bandika tepe kali juu yake, isugue kwa kucha, ivute kwa mkupuo. Miraba yote ikibaki, rangi ya zamani ni msingi mzuri, usihangaike kuikwangua. Ikitoka mitatu minne, piga msasa kwa nguvu zaidi na utumie praima (koti la msingi kabla ya rangi yenyewe) ya kushikisha. Ikitoka robo au zaidi, lile tabaka liondoke. Pima sehemu tatu tofauti za mlango, pamoja na chini kabisa ambako maji ya kudeki hufika, kwa sababu mlango mmoja unaweza kushika juu na kuachia chini.

Tatu, ina madini ya risasi? Rangi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa nyeupe, njano na kijani, zilitengenezwa kwa risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, nchi nyingine zilichelewa zaidi. Kuna vijiti vya kupimia, na maabara hupima kipande cha rangi. Kipande kikatwe hadi kwenye mbao, maana risasi mara nyingi iko kwenye matabaka ya chini ambayo kijiti kikigusa juu tu hakiyaoni.

Karibuni muongeze, na wenye maswali waulize.

TapentainiKidogo

Mkuu, hapo kwenye risasi naomba tukazie, maana ndipo watu wanapodhuru watoto bila kujua. Kama hujapima, au umepima na ipo, sheria ni hizi:

Usipige msasa mkavu. Usitumie mashine ya msasa isiyofungwa kwenye vakyumu yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi jembamba sana. Usitumie moto wa gesi kabisa. Mashine ya hewa moto nayo ina kikomo: kanuni za Marekani zinakataza joto la nyuzi 593 za Selsiasi na kuendelea kwenye rangi ya risasi, kwa sababu ya moshi wenye sumu. Mashine nyingi zikifunguliwa hadi mwisho hufika hapo, kwa hiyo iweke katikati.

Kinachofaa ni msasa wa maji: loanisha, sugua, futa tope kwa kitambaa kabla halijakauka. Tandika nailoni nzito sakafuni angalau mita mbili kila upande wa mlango, ziba tundu za hewa za chumba, watoto na wajawazito wasikae humo. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la risasi, tafuta yenye kichujio cha P3 au P100. Ukimaliza usifagie. Kunja nailoni kwa ndani, deki kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukiweza, usiiguse kabisa rangi ya risasi iliyoshika vizuri: isafishe, ipitishe msasa wa maji kidogo tu, ipake juu. Rangi iliyofunikwa na isiyobanduka ina hatari ndogo kuliko vumbi lake.

Bawaba_Tatu

Uzi mzuri. Naongeza hatua ambayo wengi wanairuka: kuosha KABLA ya msasa. Ukipiga msasa juu ya mafuta ya mikono, unayasukuma ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena. Tazama mlango eneo la kuzunguka kitasa, na ule ukingo ambao watu hushika wakiufunga. Pale pana mafuta ya miaka. Skatingi za jikoni ndiyo usiseme.

Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata grisi, sponji upande wake mgumu. Anza chini ukipanda juu, maana maji machafu yakitiririka juu ya sehemu kavu huacha mistari isiyotoka. Suuza mara mbili kwa maji safi, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo ni ngozi ya kuachanisha rangi. Acha ikauke siku nzima.

Kipimo cha usafi ni rahisi: nyunyiza matone machache ya maji. Yakitandaa, uko sawa. Yakijikusanya kama shanga, bado kuna mafuta, nta au polishi. Polishi za samani zenye silikoni ndizo mbaya zaidi, rangi mpya huzikimbia na kuacha vijicho vidogo vya mviringo. Hapo chukua tapentaini na vitambaa viwili: kimoja cha kulowesha na kulegeza, kingine kikavu cha kuondoa papo hapo. Ukitumia kimoja unahamisha tu nta kutoka hapa kwenda pale.

KotiLaPili

Naomba kuuliza kuhusu msasa. Mtu apige mpaka afike kwenye mbao, au aondoe mng'ao tu?

MsasaNamba120

Inategemea kipimo cha wembe nilichotaja juu, mkuu.

Kama rangi imeshika, kazi ya msasa ni kuua mng'ao tu. Namba 120 hadi 150, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ukikatiza nyuzi, mikwaruzo itaonekana hata baada ya makoti matatu. Mbao bapa tumia kipande cha kizibo au cha mbao nyuma ya msasa, kwenye urembo wa ukingo tumia sponji la msasa linalojikunja. Huhitaji kusugua kwa hasira. Baada ya kupita mara chache uso unafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Zima taa, shika tochi ubavuni mwa mlango, mwanga ulale juu ya mbao. Visiwa vyovyote vinavyong'aa bado havijaguswa, na hapo ndipo rangi itaanza kuachia.

Palipobanduka kuna hatua nyingine, kuua ngazi. Kando ya kila jeraha kuna kikingo cha rangi ya zamani. Anza na namba 80 au 100 kuzunguka ukingo wa jeraha, kisha 120, kisha 180, mpaka rangi ishuke taratibu hadi kwenye mbao. Funga macho, pitisha ncha ya kidole kutoka kwenye rangi kwenda kwenye mbao. Kidole kikijikwaa hata kidogo, jicho litaliona hilo siku rangi ya kung'aa itakapokauka. Macho ya mchana hayaoni ngazi kwenye rangi isiyong'aa. Kidole kinaiona.

Ukimaliza toa vumbi lote: brashi laini kwenye pembe, vakyumu kama ipo, kisha kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa.

PutiNaKisu

Na wale ambao lazima waondoe yote mpaka mbao: nawashauri dawa ya kubandulia rangi, si msasa. Msasa kwenye matabaka kumi ni siku tatu za vumbi na urembo wote wa mlango unaisha, kona zinakuwa za mviringo.

Pakaza dawa nene, milimita 2 au 3, kwa kuelekea upande mmoja, usirudierudie kama unapaka rangi. Funika kwa nailoni isikauke. Fuata muda wa kwenye kopo. Hizi za siku hizi zisizo kali zinaweza kutaka saa kadhaa au usiku kucha. Kwangua kwa kisu chenye kona zilizoviringishwa ili kisichimbe mbao. Kwenye urembo tumia kijiti kilichochongwa kulingana na umbo, na kamba ya katani kwenye mifereji ya mviringo. Halafu osha kama kopo linavyosema, maana mabaki ya dawa chini ya praima yatailainisha kutoka ndani.

Tahadhari mbili. Dawa za kizamani zenye methilini kloraidi zimeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani iliondoa sokoni zile za kuuzia watu wa kawaida mwaka 2019. Soma kopo, na ukikuta jina hilo liache. Ya pili ni kuchovya mlango mzima kwenye pipa la magadi makali. Rangi inatoka kweli, lakini gundi ya viungio inalegea, nyuzi zinasimama, na chumvi inayobaki ndani ya mbao huendelea kusukuma rangi mpya nje kwa miezi.

Mwanagenzi_Brashi

Wakuu, vipi milango iliyopakwa vanishi nyeusi au yenye wekundu wa kahawia, mtu akitaka iwe nyeupe? Inasemekana wekundu unarudi.

TapentainiKidogo

Unarudi kweli, na kuongeza makoti ya nyeupe hakusaidii. Kuna vitu viwili vinavyopanda. Kimoja ni ile rangi ya kutia mbao iliyochanganywa kwenye vanishi ya zamani. Cha pili ni tanini, maji ya asili ya mbao kama mkangazi na mvule, ambayo huyeyuka kwenye maji. Praima ya maji ikitua juu yake inayalowesha na kuyavuta juu, kisha unaona madoa ya manjano au waridi yakitokea ndani ya saa chache.

Tiba ni praima ya kuziba madoa yenye msingi wa shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti). Hukauka haraka, kwa kawaida unaweza kuipaka juu baada ya saa moja, na brashi yake husafishwa kwa spiriti. Ya mafuta ya kuziba madoa inafaa pia ila hukauka polepole zaidi. Piga msasa vanishi hadi mng'ao ufe, paka koti moja jembamba, subiri usiku kucha, tazama. Doa likipenya, koti la pili la praima hiyohiyo. Usiendelee na nyeupe mpaka doa limekaa kimya.

Vifundo vya mbao za misonobari ni habari hiyohiyo: utomvu unapanda, hasa palipo na joto au jua. Kwangua utomvu uliotoka, futa kwa tapentaini, paka shelaki mara mbili juu ya kifundo na sentimita 2 au 3 kukizunguka. Na mbao za tiki zina mafuta yake ya asili. Zifute kwa asetoni, kisha uweke praima mara tu asetoni inapokauka, kabla mafuta hayajapanda tena.

PutiNaKisu

Sasa puti, maana naona imepitwa.

Mashimo ya misumari na mikwaruzo: puti laini ya mbao, ijaze ipite uso kidogo kwa sababu husinyaa, ikikauka piga msasa 150. Mashimo ya zaidi ya milimita 5 hivi, kona zilizovunjika, makovu ya vitasa vya zamani: filla ya poliesta yenye kigumishi chake, ile ya sehemu mbili. Haisinyai sana, lakini unayo dakika tano tu kabla haijaganda, basi changanya kidogo kidogo. Usichanganye kigumishi kingi ukidhani itakuwa imara zaidi. Itaganda kwenye kisu.

Mbao iliyooza, choma kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, hiyo si kazi ya puti. Kata mpaka ufike kwenye mbao ngumu na kavu, tafuta maji yanatoka wapi uyazuie, ndipo utie kipande kipya cha mbao au epoksi. Puti juu ya mbao iliyooza inatoka nzima, na umbo lake zuri uliloipa.

Ukiona vitundu vidogo vya duara vyenye unga mpya chini yake, kuna bungua. Dawa ya boroni hupenya kwenye mbao tupu tu, kwa hiyo itibiwe kabla ya praima, si baada.

Mpangilio: msasa, toa vumbi, praima kwenye mbao tupu, KISHA puti, msasa, halafu gusa puti kwa praima tena. Puti kwenye mbao tupu hunyonywa mafuta yake na kuwa ya vumbi. Na puti isiyopakwa praima huonekana kama kiraka kisichong'aa katikati ya mlango unaong'aa.

KotiLaPili

Na ule mstari kati ya paneli na fremu yake ndani ya mlango, mnauziba kwa silanti (ile dawa laini ya kuziba nyufa)?

PutiNaKisu

Mimi naziba. Mlango unapendeza, hauna mstari mweusi.

Bawaba_Tatu

Hapo mkuu tunatofautiana. Paneli ya mlango wa mbao halisi haijagundishwa. Imekaa huru ndani ya mfereji ili iweze kutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu bila kupasua mlango. Ukiibana kwa puti ngumu, kitu kimoja kati ya viwili kitatokea: puti itapasuka, au paneli itapasuka katikati. Silanti ya akriliki inavumilia kidogo, lakini paneli pana ikisogea milimita 2 nayo inachanika na kuacha nyufa nyembamba kama nywele zinazokusanya vumbi.

Njia nzuri ni kupaka paneli siku za ukavu, ikiwa imesinyaa, na kuusukumiza rangi ukingo wake mpaka ndani ya mfereji kwa brashi ndogo. Vinginevyo ukavu ukija utaona mstari wa rangi ya zamani ukichungulia kuzunguka paneli yote.

PutiNaKisu

Nakubali kwa puti ngumu, hilo halina ubishi. Kwa milango ya paneli za mbao iliyobanwa kiwandani, ambayo haisogei, silanti haina tatizo. Kwa mbao halisi nakuachia.

Ila kati ya fremu na ukuta, na juu ya skatingi, silanti ya akriliki iwekwe. Tone jembamba, lainisha kwa kidole kilicholowa, futa ziada kabla haijashika ngozi. Isiwe silikoni safi. Rangi haishiki juu ya silikoni, na hata ukiikwangua baadaye mafuta yake yanabaki.

Mwanagenzi_Brashi

Mlango ushushwe au upakwe ukiwa unaning'inia?

Bawaba_Tatu

Ushushwe ukiweza, kwa sababu ukilala rangi hailii machozi na unapata kupaka ukingo wa juu na wa chini. Ukingo wa chini ndio unaosahaulika, na ndio unaonyonya maji ya kudeki mpaka mlango uvimbe. Makoti mawili ya praima na moja la rangi pale.

Weka kabari mbili chini ya mlango zibebe uzito. Fungua bawaba ya chini kwanza, ya juu mwisho. Kurudisha ni kinyume chake. Andika namba kwa kalamu ya risasi ndani ya kitanzi cha bawaba na kwenye fremu, kila mlango na skrubu zake kwenye mfuko wake. Vichwa vya skrubu vilivyojaa rangi vichimbe kwanza kwa ncha ya kisu, vinginevyo utavila na bisibisi. Tundu la skrubu lililolegea, ingiza vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, kata sawa na uso, acha ikauke.

Vitasa na bawaba zisipakwe rangi. Zilizokwisha kupakwa, ziloweke kwenye maji ya moto sana yenye sabuni kwa saa kadhaa, rangi ya zamani inavuka kama ngozi. Chombo hicho kisirudi jikoni tena.

Unaobaki ukining'inia, utie kabari usiteleze, na ufungue kitasa kabisa badala ya kupaka kukizunguka.

KotiLaPili

Mafuta au maji kwa koti la mwisho?

TapentainiKidogo

Rangi ya mafuta inajitandaza vizuri, alama za brashi zinajifuta zenyewe, na ikikomaa ni ngumu. Lakini nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, na hugeuka haraka zaidi GIZANI: nyuma ya mlango unaobaki wazi siku zote, ndani ya makabati. Harufu yake hubaki siku kadhaa, na koti hadi koti ni saa 16 hadi 24.

Akriliki ya maji ya mbao hubaki nyeupe, koti la pili baada ya saa 2 hadi 4, na haipasuki mbao ikisogea. Udhaifu wake ni kwamba huonekana kavu mapema kuliko ilivyo. Hukomaa kwa wiki mbili hadi nne. Ukiufunga mlango siku ya pili, rangi ya mlango na ya fremu zinagandana, na ukiuvuta zinang'oana.

Kwangu mimi, ndani ya nyumba inayokaliwa, akriliki bora juu ya praima sahihi. Usipake akriliki moja kwa moja juu ya mafuta ya zamani yanayong'aa. Hiyo ndiyo ile plasta ya kidonda aliyoitaja mwenye uzi.

MsasaNamba120

Nakubaliana. Na mahesabu ya kiasi, kwa wanaonunua: mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 ni mita za mraba 1.6 kila upande, pande mbili 3.2, kingo zinafikisha kama 3.4. Fremu ni mita 5 hivi za urefu kwa sentimita 25 za upana ukikunja pande zote, weka 1.25. Jumla karibu mita za mraba 5. Lita moja hupaka mita za mraba 10 hadi 14 kwa koti moja, hivyo weka nusu lita kwa mlango na fremu yake kwa kila koti. Milango sita, makoti mawili, ni lita 6 za rangi na lita 3 za praima. Ya paneli zenye urembo ongeza sehemu moja ya kumi. Changanya makopo yote ya rangi ya mwisho kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, hata kama yana namba moja.

Mpangilio wa kupaka mlango wa paneli: urembo wa ukingo wa paneli, kisha paneli yenyewe, kisha ubao wa wima wa katikati, kisha za ulalo toka juu kushuka, kisha za wima za pembeni, kingo mwisho. Kila kipande kinafunika ukingo mbichi wa kilichotangulia, na kiharusi cha mwisho kinasimama pale mbao mbili zinapoungana, kama nyuzi zenyewe zinavyosimama.

Mlango bapa: rola ya sentimita 10 yenye manyoya mafupi, theluthi kwa theluthi toka juu, na kila theluthi ipitishwe ncha ya brashi kavu mara moja, nyepesi, toka juu hadi chini. Ikishapita, mkono utoke. Rangi ya maji inaanza kushika ndani ya dakika chache, na kuirudia hapo ndiko kunakoleta mifereji. Brashi ya nyuzi za plastiki kwa rangi ya maji, ya manyoya halisi kwa ya mafuta. Ya milimita 50 iliyokatwa mshazari inatosha kazi karibu yote. Chovya theluthi moja tu ya urefu wa nyuzi. Baada ya dakika tano rudi uangalie kona za paneli kwa tochi: tone lililojikusanya linyonye kwa ncha ya brashi kavu.

Kati ya koti na koti, msasa 220 au 240, mkono mwepesi, toa vumbi.

Vyumba viwili vyenye rangi tofauti: ukingo wa kitasa unafuata chumba ambacho mlango unafungukia, ukingo wa bawaba unafuata chumba cha pili. Ufungue mlango usimame kila upande, utaona kwa nini.

Mwanagenzi_Brashi

Nashukuru sana. Mambo matatu ya mwisho: rangi iliyokunjamana, tepe inayong'oa rangi, na mlango unaokwama baada ya kupakwa.

TapentainiKidogo

Kukunjamana ni rangi ya mafuta iliyowekwa nene, au juani, au juu ya koti bichi. Juu inashika ngozi, chini bado ni maji. Subiri ikauke hadi chini, hata wiki mbili, piga msasa, paka jembamba. Na usiongeze tina kali ya rangi za magari kwenye rangi ya mafuta, huamsha tabaka la zamani nalo likajikunja.

Tepe ivutwe koti la mwisho likiwa bado bichi kidogo, polepole, ukiirudisha juu yake yenyewe kwa nyuzi 45. Imeshakauka? Pitisha wembe kwanza kwenye mstari.

Na vitambaa vilivyofyonza mafuta ya kitani au rangi ya mafuta visirundikwe. Hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Bawaba_Tatu

Kukwama: kabla ya randa, kaza skrubu za bawaba ya juu. Mara nyingi mlango umelala tu, na unagusa kona ya juu upande wa kitasa. Ukiendelea kugusa, weka karatasi ya kaboni kati ya mlango na fremu, ufunge, ufungue, uone doa liko wapi. Nafasi inayotakiwa ni milimita 2 hadi 3 pande zote. Pale paliposhika, ondoa matabaka ya zamani mpaka mbao kabla ya kugusa mbao yenyewe, kwa sababu matabaka kumi kwenye ukingo na kumi kwenye fremu yanakula karibu milimita nzima. Ukipiga randa, paka praima hapohapo siku hiyohiyo. Ukingo ulioachwa mtupu ndio utakaovimba kwanza.